Wafuasi laki mbili, na bado unaomba nauli

Ukiniambia ukurasa wako una wafuasi laki mbili, nitakuuliza swali moja tu: ukifungwa kesho asubuhi, ni wangapi watakutafuta? Siongelei wale watasema "woi, pole" kisha wasogeze kidole kwa video inayofuata. Naongelea wale wataandika jina lako kwingine mpaka wakupate, na ukiwaambia umekwama watume hata hamsini bob. Hiyo ndiyo hadhira yako. Ile namba kubwa imekaa karibu na picha yako ni ya wenye jukwaa, wewe wamekuazima tu.

Nasema hivi kwa sababu inboksi yangu imejaa swali moja. "Buda, nikifikisha wafuasi wangapi ndio nianze kulipwa?" Wanaouliza ni watu wa rika langu, wengine wako chuo, wengine wameacha kama mimi, na wameona mtu fulani amenunua gari wakadhani gari lilitoka kwa wafuasi. Wacha basi tupige hiyo hesabu, maana watu huipiga kimoyomoyo tu.

YouTube ndiyo iko wazi zaidi. Ili uanze kugawiwa pesa za matangazo unahitaji watu 1,000 waliojisajili kwa chaneli yako na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kama wewe ni wa video fupi, basi uwe umetazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukishaingia, unapata asilimia 55 ya pesa za matangazo kwenye video ndefu, na asilimia 45 ya fungu lako kwenye zile fupi. Na pesa haitoki mpaka ifike dola 100. Kuna wasee nawajua wamekaa na dola sitini na kitu huko ndani tangu mwaka jana, wanaziangalia tu kama nyama kwa dirisha la bucha.

Sasa hapa ndipo Kenya inauma. Bei ya tangazo hufuata mahali mtazamaji amekaa. Binamu yako aliye Dallas na mama yako aliye Githurai wanaweza kutazama video moja, dakika zilezile, na mmoja akakuletea pesa mara kadhaa ya mwenzake. Si ati mmoja amekupenda zaidi. Ni kwamba kampuni ya bima ya Marekani inalipa vizuri kumfikia yule wa Dallas, na hakuna mtu anashindana hivyo kumfikia mama yako. Ndio maana unaona chaneli imeanza na Kiswahili safi cha Kayole, ikifika mwaka wa pili vichwa vyote vimekuwa Kiingereza na mwenyewe anaongea kama rubani anatangaza hali ya hewa. Simlaumu. Anafuata bei. Lakini tuache kujifanya ati amechagua.

TikTok ndiyo mbaya zaidi kwa hesabu, na ndiyo tunaipenda zaidi. Ripoti ya Reuters Institute ya 2023 iliweka Kenya mbele ya nchi zote ilizochunguza, asilimia 54 ya waliohojiwa wakisema wanaitumia. Lakini mpango wake wa kulipa watu kulingana na video zinavyotazamwa haujafunguliwa kwetu. Tunachopata ni zawadi za laivu: watu wanakurushia waridi na simba wa kuchorwa huku ukishindana na msee mwingine saa saba usiku. Facebook ilianza kufungulia Wakenya malipo ya matangazo 2024. Na kabla hujashika hiyo kidogo, Sheria ya Fedha ya 2023 imeshakata asilimia 5 ya mapato ya maudhui ya kidijitali. Serikali ilikuwa imetaka 15, kwa hivyo labda tuseme asante.

Jibu la lile swali la inboksi, basi, ni kwamba hakuna namba. Unaweza kuwa na laki mbili na ulale njaa. Unaweza kuwa na elfu nne na ulipe kodi ya nyumba. Tofauti inatoka kwa nani anakulipa na kwa nini, na hilo wenye vyombo vikubwa walilijua kwa uchungu kabla yetu.

Chukua BuzzFeed. Wengi wetu tulikuwa watoto wakati ule wa gauni ambalo wengine waliliona la bluu na nyeusi na wengine jeupe na dhahabu, Februari 2015. Hao ndio walilisambaza dunia nzima. Mwaka huohuo wawekezaji waliithamini kampuni hiyo dola bilioni 1.5. Siri yao ilikuwa Facebook: walijua watu husambaza nini, wakatengeneza hicho, Facebook ikawapelekea wasomaji kama matatu za asubuhi zikitoka Rongai. Kwa hizo pesa wakafungua hata chumba cha habari chenye wanahabari wa kweli, kikashinda tuzo ya Pulitzer 2021.

Kisha Januari 2018 Facebook ikasema sasa inataka watu waone zaidi machapisho ya jamaa na marafiki kuliko ya kampuni. Wenyewe wakabadilisha mpangilio na kuendelea na maisha yao. Waliokuwa wamejenga nyumba juu ya hiyo barabara wakabaki wanaangalia magari yakipitia kwingine. BuzzFeed haikufa siku hiyo, lakini Aprili 2023 kile chumba cha habari kilifungwa, na mkuu wake Jonah Peretti akaandikia wafanyakazi kwamba alichelewa kukubali kuwa majukwaa makubwa hayangelipia kazi hiyo wala kuisambaza. Huyo ni mtu aliyekuwa na wahandisi, mawakili na mamilioni ya dola. Wewe una simu moja na taa ya duara.

Na kuna ile ya video, ambayo ilibidi niisome mara mbili. Facebook ilipoanza kusukuma video, wachapishaji kadhaa wa Marekani walifuta waandishi wakaajiri watu wa kamera. Mic ni mmojawapo. Mwaka 2016 Facebook yenyewe ikakiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa imetia chumvi wastani wa muda ambao watu hutazama video, kwa sababu wale waliotazama chini ya sekunde tatu waliachwa nje ya hesabu. Mwaka 2019 ikakubali kulipa dola milioni 40 kumaliza kesi iliyoletwa na watangazaji wa biashara. Waliofutwa kazi hawakuwa sehemu ya kesi hiyo. Mic nayo ilifuta karibu wafanyakazi wote na kuuzwa mwishoni mwa 2018. Mtu akipanga maisha yako kwa rula yake, angalau pima hiyo rula kwanza.

Huku nyumbani vyombo vyetu vilikuwa na jukwaa la aina nyingine: mtangazaji mmoja mkubwa. Serikali. Machi 2024 wizara ilipoagiza idara za serikali zipeleke matangazo yao ya redio na televisheni KBC, ulisikia vituo binafsi vikilia, na walikuwa na haki ya kulia. Lakini swali langu ni lilelile. Kama barua moja ya ofisa mmoja inaweza kukutikisa hivyo, hadhira yako ilikuwa ya kazi gani? Nation walikuwa wameona mvua ikija, wakaweka ukuta wa malipo kwenye Nation.Africa Februari 2021. Nakumbuka mtandaoni watu walivyocheka. Mkenya alipie habari? Habari hiyohiyo itakuwa kwa grupu ya WhatsApp ndani ya dakika tano, tena imepigwa picha ya skrini na mpaka asilimia ya betri inaonekana.

Hiyo kauli, ati Mkenya halipii, ndiyo naikataa kabisa. Mkenya huyohuyo amelipia wimbo wa Skiza ambao yeye mwenyewe hausikii, anasikia anayempigia. Nenda kwa muuza magazeti katikati ya mji asubuhi. Kuna wanaonunua, kuna wanaosoma vichwa bure wakiwa wamesimama, na kuna wa katikati: anampa muuzaji shilingi kidogo, anasoma gazeti lote hapo, analirudisha likiwa limekunjwa vizuri. Kampuni ya gazeti haimwoni huyo mtu. Kwenye vitabu vyake hayupo. Lakini yuko, na ametoa pesa mfukoni kwa ajili ya habari. Mkenya hulipa sana. Anacholipia kwa shida ni kile kitu haoni kinamfaa nini, kutoka kwa mtu asiyemjua, kwa njia inayomsumbua.

Sasa tufike pale panaponikera.

Kama pesa za YouTube hazitoshi na TikTok haitulipi, peji za Kenya zimekuwa zikiishi kwa nini? Tuseme ukweli. Nyingi zimeishi kwa kamari. Zile za vichekesho, za mpira, za udaku, hata za "motisha". Unaona kijana anachekesha vizuri, dakika ya mwisho anatoa simu kuonyesha ametia mbao ikarudi elfu kumi na nane. Aprili 2025 bodi ya kamari iliposimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, kisha miongozo mpya ya Mei ikapiga marufuku kutumia watu maarufu na sisi watengeneza maudhui kwenye matangazo hayo, peji kibao zilinyamaza ghafla kama mtaa stima ikipotea. Hapo ndipo ulijua nani alikuwa analishwa na nani.

Tena hatukuwa na sababu ya kushangaa. Agosti 2019 SportPesa ilipokatiza udhamini wake wa michezo nchini, Gor Mahia na AFC Leopards waliachwa bila mfadhili na wachezaji wakaanza kudai mishahara. Gor wana mashabiki ambao wanajaza barabara kutoka mjini mpaka uwanjani. Mashabiki hao wote hawakuwa kwenye kitabu chochote cha mapato. Zilizohesabika zilikuwa pesa za mtu mmoja, na huyo mmoja akaondoka.

Mimi kazi yangu, kwa wale hamnijui, ni kueleza karatasi. Mtu ananitumia karatasi ya mshahara, mkataba wa nyumba, ama meseji ya mkopo wa simu, nafunika majina, naieleza mstari kwa mstari kwa Kiswahili cha kawaida. Kabla ya hiyo miongozo, kampuni moja ya kamari iliniandikia: elfu tisini kwa video tatu. Nilikuwa na deni la kodi ya miezi miwili, kwa hivyo sitajifanya malaika, niliisoma hiyo meseji mara nyingi. Lakini mnajua meseji za mikopo mnazonitumia zinasemaje mkianza kunieleza vizuri? "Nilikopa nikaweka kwa mechi." Si mmoja, si watu kumi. Kwa hivyo asubuhi ningekuwa nawaeleza riba ya mkopo, na jioni nawauzia ile sababu ya kukopa. Nilikataa. Na sikukataa kwa sababu ya dhambi pekee, kuna biashara ndani yake. Yule anayenitumia mkataba wake wa nyumba ananiamini na jina lake na mshahara wake. Akishaona mimi pia niko sokoni namuuza, hataniletea karatasi nyingine, na bila karatasi zenu mimi sina video.

Kampuni zingine za kawaida nimefanya nazo kazi, na nitafanya tena. Mmoja, siwezi kumtaja, alichukua miezi mitano kunilipa video ya sekunde arobaini, na kila nikipiga simu naambiwa mhasibu yuko likizo. Huyo mhasibu alizunguka dunia. Lakini hata akilipa siku hiyohiyo, pesa ya kampuni ni kama mvua. Panda nayo, usiiwekee ahadi.

Wanaonifurahisha ni wale walihamisha watu wao kutoka kwa skrini hadi kwa kiti. Abel Mutua wengi tulimjua kama Freddy wa Tahidi High. Sasa anakaa mbele ya kamera kusimulia visa virefu, Kiswahili kimechanganyika na Sheng, hakuna kukatakata, na watu wanatulia kusikiliza mpaka mwisho. Wafuasi wake wana jina, wakurugenzi. Kampuni yao ya Phil-It ilipotoa filamu ya Click Click Bang 2022, wakurugenzi walinunua tiketi. Njugush na mke wake wamejaza kumbi kwa maonyesho yao ya laivu, baada ya miaka ya kutuchekesha bure kwa simu. Angalia vizuri walichofanya. Ile video ya bure haikuwa bidhaa, ilikuwa ni kumzoesha mtu. Mtu akishakuzoea, tiketi si ombaomba tena.

Na hakuna kati yao aliyengoja bei ya tangazo la Dallas. Waliongea na Mkenya kwa lugha ya Mkenya, wakalipwa kwa shilingi. Hilo ndilo linanipa moyo zaidi, kwa sababu likishindikana, basi Kiswahili mtandaoni kitabaki lugha ya kuchekesha tu na mambo ya maana yatahamia Kiingereza kufuata dola.

Kuna pingamizi moja naliheshimu. Watu wananiambia ukianza kulipisha, yule asiye na kitu anabaki na uvumi wa bure, na habari ya kweli inakuwa ya wenye kadi. Ni kweli. Bando lenyewe ni gharama. Lakini si lazima ulipishe mlango. Afrika Kusini, Daily Maverick walianzisha uanachama 2018: mtandao wao ukabaki wazi kwa kila mtu, na wanaoweza wanatoa kiasi wanachochagua kila mwezi. Maelfu wanatoa. Hawalipii kuona kitu ambacho wengine hawaoni. Wanalipia kiendelee kuwepo. Mkenya aliyekulia kwenye harambee haelezwi hiyo mara mbili, ni sisi tu tumeogopa kuomba kwa sababu tumefundishwa kuwa kuomba ni aibu na kutangaza kamari ni hasla.

Mimi nimefanya hivyo kwa mwaka mmoja na miezi. Niliacha kuwaambia watu "nifuateni", nikaanza kuwaambia "niachie namba". Naomba ruhusa kwanza, ile sheria ya kulinda data ya 2019 si mapambo, na jina lako nikiombwa nilifute nalifuta. Jumanne na Ijumaa natuma ujumbe mmoja: karatasi moja, maelezo mafupi, basi. Najua WhatsApp nayo ni ya Meta, msinikumbushe. Lakini namba ziko kwenye daftari langu, zile za karatasi, na hakuna mtu wa California anaweza kuamka vibaya akazifuta.

Mwezi uliopita watu 430 walituma kitu kwa til yangu. Wengi hamsini, wengine soo, mmoja aliye Doha alituma thao mbili na kuandika "ya ule mkataba". Jumla ikawa elfu thelathini na moja na kidogo. YouTube mwezi huohuo iliniandikia dola 38, ambazo bado hazijatoka kwa sababu hazijafika mia. Wafuasi wangu kwa jumla ni elfu sitini na moja. Piga hesabu mwenyewe: hata mmoja kwa mia hatoi pesa, na huyo ambaye ni chini ya mmoja ndiye ananilipia nyumba. Wengine ninawapenda, wanasambaza, wanacheka, wanatukana, karibuni. Lakini ninapopanga wiki yangu napanga na wale 430 kichwani.

Imebadilisha hata kazi yenyewe. Zamani nilikuwa nakimbiza kila kilichotrendi, kila mwanasiasa akiteleza niko hapo na kapsheni. Sasa mtu akiniuliza kuhusu diposti ya nyumba iliyokataliwa, naifanyia kazi siku tatu, nasoma mkataba, nampigia anayejua sheria. Video hiyo itatazamwa mara elfu mbili. Lakini ndani ya hao elfu mbili kuna mtu anahama mwisho wa mwezi huu.

Kitu kinachofuata ni viti. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao nimekodi ukumbi mdogo Umoja, nafasi sitini, kiingilio mia mbili, wanafunzi mia. Mwanasheria mmoja amekubali kuja masaa mawili. Hakutakuwa na laivu. Walio kwenye daftari wamepata linki tangu jana na viti thelathini na saba vimeenda. Kama unakuja, beba mkataba wako wa nyumba, na kama jina la landilodi halisomeki, beba pia risiti ya mwisho ya kodi.